Visigino vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipofariki, wanawake waliomwosha walinifuata nyuma ya nyumba wakaniuliza kama nataka kumwona kabla hawajamfunika. Walidhani wananifanyia hisani. Nikawaambia hapana, mfunikeni, nikaendelea kunoa jembe la kuchimbia kaburi. Niliwasikia wakiondoka wanasema Dastani ana roho ngumu. Siku ile sikuwa na nguvu za kubishana, na wengi wao ni watoto wa juzi. Ndiyo maana leo nimeamua kulieleza jambo hili taratibu.

Sijui sura ya Mama Mabel ilikuwaje. Nimekaa naye jirani tangu kabla ya Uhuru, nimekula mihogo aliyoimenya na nimeezeka nyumba aliyolala, lakini uso wake sijui. Ninachojua ni sauti yake, kikohozi chake, mgongo wake ulivyoanza kupinda, na zaidi ya vyote visigino vyake. Vilikuwa vimepasuka kwa mchanga wa Newala, cha kushoto kina kovu la mzizi aliojikwaa akitoka kuchota maji. Wangewapanga wanawake wote wa wilaya nyuma ya pazia, visigino tu vikionekana, ningemtoa yeye bila kusita.

Kwa wazee wetu, mwanaume akioa huhamia kwao mke. Unalima upande wao, unajenga karibu na mama mkwe, na watoto unaozaa ni wa ukoo wa mama yao. Na huyo mama mkwe unamheshimu kiasi kwamba hamtazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Huli mbele yake, humwiti jina, hamsemeshani. Koo nyingine zilikuwa na njia ya kulegeza: mtoto wa kwanza akizaliwa unapeleka kuku na kitambaa, mnafunguliwa, mnasalimiana kama binadamu wengine. Ukoo wa mke wangu haukuwa na habari hizo. Ukiwa mkwe ni mkwe mpaka mwisho.

Jina lake nalitaja sasa kwa sababu hanisikii. Na kama ananisikia, najua atamlalamikia kuku.

Kuku huyo aliitwa Nongwa. Alikuwa tetea mwekundu mwenye uso wa kudai haki yake, ndiyo maana akapewa jina hilo, na kila alipokufa au kuliwa, mwingine alirithi jina pamoja na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza. Jioni mama mkwe alikaa upande wake wa ua wa mianzi akimenya mihogo, mgongo kwangu. Mimi nilikaa upande wangu, mgongo kwake. Akitaka kuniambia jambo alimwambia Nongwa. Nami nikitaka kumjibu nililiambia jembe langu.

"Jembe," nilisema, "mpe mama shikamoo yangu."

"Nongwa," alijibu, "mwambie marahaba. Na mwambie mkwe wangu paa linavuja upande wa jiko."

Mke wangu Justina alikaa katikati, akicheka mpaka anashika mbavu. Alisema nyumba yetu ina watu watatu na ina mazungumzo ya watu watano.

Maisha ya Mama Mabel hayakuwa na makuu. Alizaliwa huko bondeni, chini ya genge, ule mteremko mkali wa Newala, wamisionari wakambatiza Mabel, jina ambalo bibi yake alilitamka Meberi mpaka anaingia kaburini. Mumewe alikwenda mashamba ya mkonge Tanga kutafuta pesa ya kodi. Akaleta salamu mara moja kwamba hajambo, na kuanzia hapo amekuwa hajambo moja kwa moja. Mama Mabel akabaki na mtoto mmoja, Justina, na genge la kushuka kila siku.

Juu huku mchanga unakunywa mvua yote, haubakizi hata dimbwi la bata. Maji yako bondeni. Wanawake walishuka alfajiri na mitungi, wakapanda jua likiwa utosini. Bomba lililetwa, ni kweli, lakini lilikuwa likitoa maji siku moja na kukohoa wiki nzima. Kwa hiyo mama mkwe alipima maji kwa kata ya kifuu. Alinawa uso kwa nusu kata, na maji hayohayo aliyonawia yalikwenda kwenye shina la mpapai. Mimi ni mtu wa Lulindi, na sisi wa Lulindi tuna maji na majivuno. Wiki niliyohamia nilimsikia anamwambia Nongwa, "Huyu ananawa kama kiboko." Tangu siku ile nikajifunza kunawa.

Watu humsifu marehemu kwamba alikuwa mchapakazi. Alikuwa hivyo, lakini wachapakazi wako tele. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Kisu kikiwa katikati ya muhogo alikisimamisha, halafu lilikuja swali.

"Nongwa, hivi sisi tunaishi ili iweje? Nashuka nachota, napanda, tunakunywa, yanakwisha, nashuka tena. Mtungi nao ukiulizwa umezaliwa kujazwa au kumwagwa, utajibu nini? Hebu muulize mwenye jembe."

Mwenye jembe alikuna kichwa. Mwalimu wa dini alinifundisha majibu ya maswali kama hayo nikiwa Lulindi, na niliyakumbuka yote, lakini hapakuwa na hata moja lililopandishwa kwenye genge na mtungi kichwani. Nikaliambia jembe, "Mwambie nitafikiri." Akasema Nongwa afikiri pia, kisha akaendelea kumenya.

Uhuru ulipokuja tulicheza ngoma hadi miguu ikaota malengelenge. Kesho yake jioni akasema, "Nongwa, wametangaza tumekuwa huru. Muulize mkwe wangu, na genge nalo limeambiwa, au bado tutalipanda?" Nilicheka peke yangu mpaka Justina akatoka nje kuangalia nina nini.

Kisha vita ikaanza ng'ambo ya Ruvuma. Ukisimama ukingoni, pale Shimo la Mungu, uliona moshi wa vijiji vya Msumbiji kama moshi wa mashamba ya watu wavivu wa kufyeka. Wakimbizi walipanda kwetu na watoto na matandiko. Mama mkwe aliwapa maji kabla hajauliza majina, kata nzima kila mtu, na yeye akanywa mabaki. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyekimbia na mchi wa kutwangia tu. Kinu kilibaki, nguo zilibaki, yeye akashika mchi na kuvuka nao mto. Alitwanga kwa kinu chetu msimu mzima, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini mchi.

Ila Nongwa aliulizwa. "Mtu akiambiwa kimbia, chukua kimoja tu, achukue nini?"

"Jembe," nikasema, "mwambie ningekuchukua wewe."

Nikasikia maganda ya mihogo yakianguka chini, moja moja. "Mimi, Nongwa, nadhani ningekuchukua wewe. Nitapata wapi mwingine wa kunifikishia maneno?"

Mama yangu mzazi alinipenda, lakini hakuwahi kuniambia neno tamu kama hilo. Nilijifanya nakohoa.

Justina alifariki mwaka ule wa mvua nyingi, kwa homa. Tulimfikisha hospitali ya Ndanda, masista wakahangaika naye, ikawa basi. Binti yetu Bernadeta alikuwa shule ya bweni, akaja kumzika mama yake na sare mwilini. Makaburini wanawake walimzungushia mama mkwe khanga upande wa pili, nami nikasimama upande huu nikiwa nimegeuka. Tulimlilia mtu mmoja tukiwa tumepeana migongo.

Msiba mzima Nongwa hakusemeshwa. Alizurura uani kama kuku wa kawaida. Siku tulipoanua tanga ndipo niliposikia sauti ya mama mkwe tena, imekwaruza. "Nongwa, nilidhani anayetangulia kuja ndiye anayetangulia kuondoka. Nani aliipanga foleni hii? Hebu muulize Baba Bernadeta."

Nililia wazi, bila kujificha kwa kikohozi. Na katikati ya kulia nikasikia lile jina. Hakusema mkwe wangu. Alisema Baba Bernadeta, kama ambavyo jirani yeyote angesema.

Alikuwa na haki. Mke akifa, mume hukunja mkeka wake akarudi kwa ndugu zake. Ukwe umekufa na marehemu. Angekuwepo binti mwingine wa nyumba ile ningeweza kupewa, lakini Justina alikuwa peke yake. Na ukwe ukifa, marufuku nayo inakufa: mnaweza kutazamana na kuzungumza, kwa sababu sasa hamna mnachoheshimiana. Mmekuwa watu baki. Kwetu Lulindi kulikuwa na shamba lenye maji na wapwa wanaonitegemea. Na huku juu kungebaki mwanamke mzee na genge lake, Bernadeta akiwa bweni sehemu kubwa ya mwaka. Kuniomba nibaki hakuweza, si ada kumng'ang'ania mtoto wa watu. Nami kusema nabaki sikuweza. Ningebaki kama nani?

Nilisingizia korosho. Nikasema niokote kwanza za mwaka huu.

Ndipo ikaja Operesheni. Tuliambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, kando ya barabara. Tukabomoa, tukabeba nguzo na milango vichwani, Nongwa akasafirishwa ndani ya tenga huku analalamika njia nzima. Afisa aliyetugawia viwanja aliitwa Bwana Rogath, kijana wa Kilimanjaro, mwenye viatu vilivyojaa mchanga na moyo mzuri. Alinyoosha kamba, akachora mistari iliyonyooka, nyumba huku na nyumba huku, na amri ikawa kwamba milango yote itazame barabara, ili mgeni akipita aone kijiji cha watu waliostaarabika.

Alikuwa amesikia kwamba mimi ni mjane na mama mkwe hana mtu. Akanishika mkono akanipeleka kwenye kiwanja changu, uso umemjaa furaha.

"Mzee Dastani, nimekufikiria," aliniambia. "Mama yako nimemweka hapo mbele, ng'ambo ya barabara. Mlango kwa mlango. Ukifungua asubuhi, wa kwanza kumwona ni yeye."

Watu waliokuwa wanachimba mashimo ya nguzo waliacha kuchimba. Mtu mmoja akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, na baada yake wote. Bwana Rogath aliangalia kamba yake kama imepinda.

Ningeweza kumweleza. Lakini nimweleze nini? Kwamba huyu ni mkwe wangu, wakati mwenyewe ameacha kuniita mkwe? Nikasema asante, nikajenga.

Basi tukaishi hivyo. Nikitaka kutoka nilikohoa ndani, naye akajifunika khanga usoni mpaka nipite. Yeye akitaka kutoka alikohoa, mimi nikageukia ukutani. Kijiji kizima kikajua ratiba ya tumbo langu. Na barabara ilikuwa pana, maneno ya Nongwa hayakuweza kuivuka bila kupigiwa kelele, na mambo ya jioni hayapigiwi kelele. Kwa hiyo tulinyamaza. Nikawa nakaa mlangoni na jembe langu, sina wa kuliambia kitu, nikaona upweke ambao hata siku za msiba sikuuona.

Mjomba wangu Petro akapanda kutoka Lulindi kunichukua. Mjomba kwetu ndiye mwenye sauti. Alisikia kikohozi changu cha asubuhi, akakaa akishangaa.

"Hiyo kohoa kohoa ni ya nini?" aliniuliza. "Mwenye ukwe tulishamzika. Wewe sasa unamwonea haya mwanamke baki. Funga mzigo, twende kwenu."

Akavuka barabara kwenda kuongea na Mama Mabel, maana yeye hakuwa na marufuku. Alirudi amepoa kidogo.

"Mama wa watu hana neno," alisema. "Amesema wewe ni mtoto wetu, yeye alikuwa amekuazima tu. Kesho asubuhi atakaa mlangoni, hatajifunika. Utoke umuage uso kwa uso, kama inavyotakiwa."

Sikulala vizuri. Kulipokucha nilikuwa nimeshafunga mkeka, mzigo uko tayari, mjomba yuko nje na baiskeli, anapiga kengele polepole ili nisijisahau. Nikasikia kigoda kikiwekwa chini ng'ambo ya barabara. Nikasikia Nongwa akitoa sauti mbili tatu. Kikohozi sikukisikia.

Mlango wangu ulikuwa na nafasi chini, upana wa kiganja. Niliinama kuchukua mzigo, macho yakapita pale. Niliona miguu yake.

Niliona vidole. Miaka yote hiyo nilikuwa najua visigino, na sasa vidole vilikuwa vinanielekea, vimekaa sawasawa, vimeoshwa. Ameosha miguu kwa ajili ya kuniaga. Mwanamke aliyenawa uso kwa nusu kata.

Nikajua hapo hapo kwamba nikifungua mlango ule nitamwona, na nikishamwona sina mama mkwe tena. Nitakuwa nimemsalimia Mama Mabel, mwanamke fulani wa Newala. Atanipa mkono, nitaupokea, tutasema heri na kwaheri, na maneno yote ya Nongwa na jembe yatakuwa michezo ya watu waliokuwa hawana kazi. Nilimpenda mama yule. Sikuwa na neno jingine la kuliita jambo lile, na hata leo sina.

Niliweka mzigo chini. Nikashika jembe, nikageukia ukuta wa nyuma, nikapiga.

Udongo ulikuwa mpya, haujakauka vizuri, ukaanguka mabonge mabonge. Nilikata fito, nikang'oa mianzi. Kengele ya baiskeli ikanyamaza.

"Dastani," mjomba aliita, "unafanya nini humo?"

"Natoka," nikajibu.

Nikatokea kwenye tundu, nyuma ya nyumba, kwenye mihogo michanga, vumbi kichwani hadi miguuni. Nikakaa juu ya mabonge ya udongo, mgongo umeelekea barabara, jembe mapajani. Mjomba alizunguka akaniona. Alitazama tundu, akanitazama mimi. Baadaye sana alikuja kukubali kwamba siku ile alikasirika, halafu akaona aibu kwa kukasirika. Na Bwana Rogath, alipoletwa kukagua nyumba iliyovunja mstari, alishika kiuno akasikiliza maelezo mpaka mwisho, akasema mchana ule hakuona kitu, ila niweke bawaba nzuri. Lakini hayo yalikuwa bado.

Pale nilipokaa nilisikia miguu ya kigoda ikiburuzwa chini. Ilikuwa inageuzwa. Kisha nikasikia akivuka barabara, pole pole, kinyumenyume nadhani, kwa sababu alijikwaa mara moja. Akaweka kigoda upande wa mbele wa nyumba yangu, karibu na kona, nyumba yote ikiwa katikati yetu. Nongwa akaja mbio akipita pembeni, akanipita mimi, akaanza kuchakura udongo uliobomoka.

Mama mkwe alifuta machozi kwa khanga, akijaribu nisimsikie.

"Nongwa," akasema hatimaye, "rudi huku. Umeona mambo hayo? Mkwe wangu ametoboa nyumba ya serikali."

Nilikamata mpini wa jembe kwa mikono yote miwili.

"Jembe," nikasema, "mpe mama shikamoo yangu."

"Nongwa, mwambie marahaba." Akavuta pumzi. "Na mwambie, mimi ni mzee, nilishajiandaa kubaki. Sasa amenivuruga tena. Muulize, tunaishi ili iweje sisi?"

Nilitazama lile tundu. Lilikuwa limekaa vibaya, juu pana, chini jembamba, fito zimechomoza huku na huku, la kumchana mtu.

"Jembe, mwambie bado sijajua," nikasema. "Mwambie nafikiri. Ila kwa sasa nahitaji maji kidogo, nikande udongo, nitengeneze mlango huu ukae sawa."

Nilisikia akienda kwake, nikasikia kata ikigonga mtungi, kisha nikasikia kata ikiwekwa pembeni. Alirudi kwa hatua nzito, akatua mzigo kwenye kona ya nyumba, akaondoka. Nilisubiri mpaka hatua zimefika mbali ndipo nikageuka, nikaona visigino vyake vikivuka barabara, cha kushoto na kovu lake.

Kwenye kona alikuwa ameacha mtungi wote.